Damari na Barua ya Blandina

Mlimani juu ya Uyole, huko ambako ukungu wa asubuhi unaingia mpaka jikoni bila kubisha hodi, hakuna aliyekuwa hamjui Damari. Mwanamke mjane, mgongo umenyooka kama mti wa mbao, viazi vyake vinatoka shambani kabla ya vya wenzake, na hataki kusaidiwa kubeba. Alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka ishirini na minane. Tangu achaguliwe hajakaa benchi lingine ila la mbele, upande wa dirisha. Mgeni akikosea akakaa pale, Damari anasimama tu pembeni yake, hasemi kitu, mpaka mgeni mwenyewe anahama.

"Mama Lusekelo, kwani hilo benchi umerithishwa?" shemeji yake aliwahi kumtania.

"Sikurithishwa. Nimelikalia mpaka limenizoea."

Watu walicheka, lakini benchi hawakuligusa.

Alikuwa mtu wa haki, au ndivyo alivyojiona. Binti akibeba mimba kabla ya ndoa, Damari ndiye anayepeleka habari kwenye baraza la wazee. Mwanamume akiirudia pombe, Damari anajua ameinywea kwa nani na alikaa kigoda kipi. Kule kwao mtu wa namna hiyo hutengwa. Anakatazwa kuifikia meza ya Bwana, anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, mwezi au miezi mitatu, mpaka atubu mbele ya watu na kupokelewa. Wanaita kurudi kundini. Damari aliwarudisha wengi kundini. Wengi zaidi aliwatoa.

Jambo moja alilificha. Hakujua kusoma. Shule aliiacha darasa la pili akalee wadogo zake, na masomo ya watu wazima aliyaacha siku mwalimu, kijana wa kumzaa mwenyewe, alipomwambia arudie herufi mbele ya wenzake. Jina lake aliweza kuliandika, tena kwa mkia mrefu mwishoni. Mengine yote aliyaweka kichwani. Nyimbo za kitabu kizima alikuwa nazo, beti zote. Zaburi alikuwa nazo. Akiifungua Biblia na kukaza macho, maneno yanamtoka bila kukwama. Nani angejua?

Aliyejua alikuwa Blandina, tena bila kutaka.

Miaka ishirini na mitano iliyopita akina mama walikutana kwa maombi nyumbani kwa mjane mmoja. Damari akasimama kusoma zaburi ya rehema. Kando yake alikaa Blandina, mke kijana wa miaka ishirini na mitatu, mtoto mgongoni. Blandina akatupa jicho kitabuni. Akaona kimefunguliwa kule kwenye majina ya vizazi, fulani alimzaa fulani, na mama mzee anasoma zaburi. Mtoto wa watu alidhani upepo umepeperusha kurasa. Akanyoosha mkono, akafunua polepole, akaweka kidole.

"Mama, ni huku."

Mmoja akacheka ndani ya khanga. Akafuata mwingine. Kilikuwa kicheko kidogo, cha kuzimwa, hakikufika hata mlangoni. Damari aliendelea mpaka mwisho wa zaburi kwa sauti kubwa kuliko aliyoanzia, akafunga kitabu, akaomba, akanywa chai ya watu, akaenda zake. Lakini kicheko kile kilimkaa kooni kama pumba ya ulezi, hakishuki wala hakitoki. Kwao mdogo hamshiki mkubwa mkono, seuze kitabu. Tangu siku ile kila alipomwona Blandina hakuona mtu, aliona kidole.

Haukupita mwaka, Sifaeli, mume wa Blandina, akapata kazi Mgololo kwenye kiwanda cha karatasi. Wakawa wanahama. Sasa, Mkristo akihama, usharika unamwandikia barua. Bila barua hiyo, huko aendako yeye ni mgeni tu. Atasali, ataimba, ataleta mahindi yake siku ya mavuno, lakini mezani hafiki na mtoto wake habatizwi, maana nani ajuaye kama hakukimbia adhabu alikotoka? Mchungaji wa wakati ule akaiandika barua, akaitia kwenye bahasha, akampa Damari kwa kuwa ndiye mzee wa mtaa ule. Ampelekee binti, amwombee safari njema.

Damari akaipeleka nyumbani kwake. Akaitia sandukuni, chini ya vitenge vya harusi yake. Tuseme kweli, siku ile hakukusudia ikae humo. Alitaka Blandina ahangaike siku mbili, aje abembeleze kidogo. Siku ya tatu Blandina akaja.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuulizia ile barua. Gari tumepata la kesho."

"Marahaba. Barua haijatoka."

"Mchungaji alisema ameshaiandika."

"Mchungaji ni mmoja. Wazee tumekaa. Kuna neno juu yako, mwanangu."

Hapo ndipo ulipokuwa uovu wenyewe. Maana Frida, mtoto wa kwanza wa Blandina, alizaliwa miezi saba baada ya harusi, tena mnene, na nywele zake. Kijiji kizima kilihesabu kwa vidole kikanyamaza, kwa kuwa ndoa ilishafungwa. Damari aliijua hofu ya yule binti ilipolala, akaikanyaga palepale.

Blandina hakuuliza ni neno gani. Aliinamisha kichwa. "Nimeelewa, mama," akasema. Akapiga goti, akaaga, akaondoka na mtoto wake mgongoni.

Jumapili mchungaji akauliza, "Ulimpa?"

"Nilimpa," akasema Damari.

Mchungaji yule akahamishwa, akaja mwingine, naye akahamishwa. Barua ikabaki. Mwanzoni Damari alijiambia ataituma kwa msafiri. Kisha hakujua akina Sifaeli wamehamia wapi. Kisha akajifunza kufungua sanduku na kutoa anachotaka bila kutazama chini. Usiwaamini wanaosema wamesahau. Mtu hasahau, anazoea tu.

*

Mwaka jana, mwezi wa tisa, akina mama wa Mbeya wakaalikwa Iringa kwenye kongamano la siku tatu. Basi likajaa vitenge vya sare, Damari kiti cha mbele kama kawaida yake. Usharika uliowapokea ulikuwa Mlandege, na kila mgeni alipewa mwenyeji. Damari alipewa Mama Saulo, mama wa Kihehe mwenye mwili na maneno mengi, aliyemsalimu "kamwene" kila walipokutana hata kama wameachana dakika tano tu.

Ijumaa wakafungua kwa ibada ya chakula cha Bwana. Kanisa lilijaa mpaka milangoni. Wakaanza kuinuka safu kwa safu kwenda mezani, na Damari, akisubiri safu yake, akawa anafanya alichozoea kufanya kwao, yaani kuangalia nani haendi. Kupitia mlango wa pembeni aliuona uwanja wa jikoni. Mwanamke mmoja alikuwa amechuchumaa anasugua sufuria kwa majivu na gunzi. Wimbo wa ndani ya kanisa alikuwa anauimba hukohuko nje, midomo inakwenda sawasawa na kwaya.

"Yule mpishi mbona haji?" Damari akanong'ona.

"Mama Frida? Haa, yule haji mezani tangu nimjue. Kwao ni hukohuko kwenu Mbeya. Walimnyima barua."

Damari akakaza macho mbele. Mama Saulo hakuhitaji kuulizwa.

"Alifanya nini hasemi, na sisi hatumchimbi. Walipotoka Mgololo wakaja kukaa hapa. Mtoto wao wa pili hakubatizwa, si unajua, hawana barua. Akashikwa na homa, miaka minne tu, akafa. Tulimzika bila kengele, mama. Nililia. Lakini kazi za kanisa hili, hakuna anayemfikia yule. Kufagia ni yeye, kupika ni yeye. Haya, inuka, safu yetu."

Safu ikainuka. Miguu ya Damari ikaenda yenyewe, maana ilikuwa inaijua njia ile kwa miaka hamsini. Mbele yake walikuwa watu sita. Wakawa wanne. Akaona kitambaa cheupe cha meza, akaona mikono ya mchungaji. Mbele yake wakabaki wawili, na moyoni mwake hakukuwa na sala yoyote, kulikuwa na binti ameinamisha kichwa anasema nimeelewa, mama.

Damari akatoka kwenye mstari.

Mtu hatoki kwenye mstari ule. Akitoka, ama ni tumbo ama ni dhambi, na watu wana adabu ya kufikiria tumbo. Dada mmoja mhudumu akamwinamia, "Choo kiko kushoto, mama."

Damari akapita kulia.

"Kamwene, mama," alisema mpishi bila kuinua uso. Kisha akauinua. Gunzi likasimama mkononi. "Ee. Mama Lusekelo."

Akainuka, akafuta mikono kwenye khanga, akapiga goti palepale kwenye majivu. "Shikamoo, mama."

Damari hajawahi kupewa shikamoo nzito kama ile.

"Usinipigie goti, Blandina. Nina neno."

"La wazee?"

Na hofu ileile ikapanda usoni mwa mwanamke wa miaka arobaini na saba, mwenye wajukuu. Damari akaiona. Akatamani ardhi ya Iringa impokee.

"Wazee hawakukaa," akasema. "Hapakuwa na neno juu yako. Mchungaji aliandika barua siku ileile mliyoomba, akanipa mimi nikuletee, nikaificha. Iko sandukuni kwangu mpaka leo."

Kutoka ndani kwaya ikamaliza ubeti, ikaanza mwingine. Blandina alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Ilisema nini?"

Damari angeweza kusema amesahau. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na kwa miaka sabini na moja alikuwa amepita milango kama hiyo bila kuguswa.

"Sijui."

"Hukuifungua?"

"Niliifungua. Sijui kusoma. Ile siku uliyonifunulia kitabu, nilikuwa sisomi, nilikuwa nasema ya kichwani. Wewe ukaona. Wakacheka. Ndiyo maana."

"Ndiyo maana," Blandina akarudia, kama anayeonja chakula kisicho na chumvi. "Kwa hiyo tu?"

"Kwa hiyo tu."

Blandina alilitupa gunzi kwenye majivu.

"Mtoto wangu Fanueli," akasema, "alichimbiwa na baba yake na majirani wawili. Mimi nilikuwa ndani. Nilimwambia Mungu, sawa, tumemalizana, umechukua kwa ile miezi miwili ya Frida. Na Sifaeli, ambaye dhambi ile tuliifanya wote wawili, alikuja kuniuliza, hivi wewe ulifanya nini kingine ambacho sikijui, mpaka wakakunyima barua? Miaka mingapi ananiangalia hivyo. Amekufa ananiangalia hivyo."

Damari akaanza kushuka magoti, na magoti yake ni mabovu, akashika ukuta.

"Inuka, mama," Blandina akasema. Sauti haikuwa na hasira wala haikuwa na kitu. "Watu wanatoka sasa hivi wanataka kula. Nipishe nipakue."

*

Jumamosi wenzake walipovaa sare kwenda kusikiliza masomo, Damari alijifunga khanga ya kulalia, akaenda jikoni. Hakuna aliyemwita. Akavuta gunia la viazi, akachukua kisu, akaanza kumenya. Kumenya viazi alijua. Ganda lilitoka jembamba kama karatasi.

Wapishi wa Iringa hawakumwacha salama.

"Mgeni siku ya pili tu ameshika jembe. Kwetu huwa ya tatu."

"Mama mzee, sare imekubana?"

"Muacheni, Mbeya wamemtuma ajifunze kuunga nyanya."

Siku nyingine Damari angewajibu mpaka wajute kuzaliwa. Siku ile aliinama akamenya. Blandina hakumsemesha. Kazi alimwonyesha kwa kidevu: lile kapu, ule moshi, yale maji. Mwanamke aliyekuwa hapokei amri ya mwanamume wala mwanamke akawa anafuata kidevu cha mpishi, anapuliza moto, machozi yanamtoka na moshi unasingiziwa.

Hata jioni, wageni walipokwisha kula na wapishi wamekaa kwenye magogo kupumzika, Damari alibaki na kisu chake mbali nao. Blandina akaja na beseni na jagi la maji. Akasimama mbele yake, akainama kidogo, akammiminia mikononi, kama anavyonawishwa mgeni wa heshima. Akaweka ugali na maharage. Akakaa.

"Jana nilikataa," alisema. "Leo alfajiri nimekataa tena. Nimemwambia Mungu, mwingine yeyote, huyu hapana. Nimekataa wakati napika chai, nimekataa wakati napika wali. Sasa nimechoka kukataa. Nimekusamehe, mama. Kula."

Damari aliutazama ugali. Angezabwa kibao angejua pa kuweka uso. Angetemewa mate angejifuta. Lakini maji yale mikononi, maji ya uvuguvugu, aliyoyapasha moto kabisa, hakujua ayafanye nini. Mikono ilikuwa inadondosha matone na yeye ameiinua tu, hamenyi, hali.

"Nifanye nini, Blandina?"

"Kula kwanza."

"Na baada ya kula?"

"Unitumie barua yangu. Na huko kwenu useme ulivyosema hapa. Si kwa ajili yangu, mimi huku wananijua. Frida ana watoto wadogo. Siku moja watapita huko kwenu kusalimia ndugu. Sitaki waambiwe bibi yao alifukuzwa kanisani."

"Nitasema."

"Haya. Ugali unapoa."

Damari akala. Kila tonge lilipita kwa shida, na alilimaliza lote, maana kuacha chakula kile kungekuwa kiburi kingine. "Ndaga fijo," alisema mwishoni, asante sana ya kwao, na Blandina, ambaye hajasikia lugha ile muda mrefu, akageuza uso upande wa moshi.

Jumapili, wakati wa shukrani, akina mama walikwenda mbele wakicheza, huyu na kuku, huyu na ndizi, huyu na kapu kichwani. Damari kila mwaka alikuwa anaongoza. Mara hii alikwenda wa mwisho, mikono mitupu, hata kucheza hakuweza. Alifika pale mbele akasimama kama mtu aliyesahau alichotumwa. Moyoni alisema neno moja tu, asante, akalisema tena na tena mpaka mhudumu akamgusa bega arudi akae.

*

Nyumbani akamwita Lusekelo, mwanawe, akatoa bahasha kutoka chini ya vitenge.

"Nisomee."

Lusekelo akageuza karatasi, kingo zimekuwa za kahawia. Ilikuwa mistari mitano. Ilisema dada huyu ni mshirika mwaminifu, usharika umempenda na unasikitika kuachana naye, tafadhali mpokeeni mezani pamoja na watoto wake.

"Rudia hapo mwisho."

"Pamoja na watoto wake."

"Tena."

Akasoma tena. Kisha akauliza barua ni ya nani na imefikaje sandukuni, na Damari akamweleza yote, amekaa kitandani, macho kwenye sakafu. Alipofika pale pa kutojua kusoma alikwama. Kijana, mtu mzima mwenye mvi zake mbili tatu, akamsaidia.

"Hilo najua, mama."

"Unajua nini?"

"Kwamba husomi. Nimejua tangu darasa la tatu. Nilikuletea ripoti nimefeli masomo yote, ukaitazama ukanisifu, ukanichinjia na kuku. Tulijua wote hapa nyumbani. Hata marehemu baba alijua, alituambia tusikuguse hapo."

Siri ambayo kwa ajili yake Damari alimtoa mtu mezani kwa Bwana, kwa ajili yake mtoto akazikwa bila kengele, ilikuwa inajulikana mpaka na watoto wa darasa la tatu. Kuku aliliwa kwa siri hiyo. Alijifunika khanga kichwani akakaa hivyo mpaka Lusekelo akatoka kwenda kuipeleka barua kwenye basi.

Mchungaji wao wa sasa ni kijana mwenye huruma. Aliposikia, akataka liishie ofisini.

"Mama, umri wako, na utumishi wako wote. Tuombe hapahapa, yaishe."

"Ningekuwa binti wa miaka kumi na tisa, ungeniombea hapahapa?"

Mchungaji akatazama meza yake.

"Basi usinibembeleze," akasema Damari. Ukaidi haukuwa umemtoka, umepata tu kazi nyingine.

Akasimama mbele ya watu, akasema. Hakulia, hakupamba. Alisema nilificha barua, nikadanganya, nikamtisha binti kwa jambo nililojua linamuuma, na sijui kusoma. Watu hawakucheka. Angependa wacheke. Wazee wenzake wakamvua uzee, wakampa miezi mitatu ya benchi la nyuma.

Wiki ya tano simu ikalia akiwa shambani.

"Mama, jana nilifika mezani," ilikuwa sauti ya Blandina. "Na mchungaji amesema kesho tutakwenda pale nilipomlaza Fanueli, tuombe, kengele ipigwe." Kukasikika mfuniko ukilia. "Haya, wali wangu unaungua."

Simu ikakatika. Damari akapiga magoti katikati ya tuta, viazi kushoto, viazi kulia, na jembe bado mkononi.

Jumapili iliyofuata mvua ilinyesha tangu asubuhi. Alifika wa kwanza, akapiga deki sakafu yote peke yake, kazi aliyokuwa akiwaonyesha wengine kwa fimbo, kisha akaenda kukaa karibu na mlango. Akaja Jackline na mtoto wake mchanga. Jackline alitengwa mwezi wa nane, na aliyepeleka habari zake kwa wazee hahitaji kutajwa.

"Sogea huku, mama," Jackline akasema, "hapo panavuja."

"Pamevuja tangu lini?"

"Tangu zamani. Mbele hamuoni."

Damari akasogea. Mtoto akamshika kidole, naye akamwachia. "Nilikukosea wewe pia," akasema chini chini. "Nilikwenda kwa wazee na furaha. Hiyo furaha ndiyo mbaya."

"Niliiona," akasema Jackline. Wala hakumnyang'anya mtoto kidole.

Mezani watu wakaitwa. Mbele wakaanza kuinuka, kwaya ikaanzisha wimbo. Zamani Damari alikuwa anaimba jicho moja liko kwenye safu, anawasoma watu, hilo tu aliweza kulisoma. Siku ile hakujua nani amekwenda na nani amebaki. Alishuka kwenye benchi mpaka kwenye saruji, magoti yakalia, akaweka viganja chini kwenye unyevu wa deki yake mwenyewe.

"Mama, utaumia."

"Niache."

"Watu wanageuka."

"Najua."

Uso ulimwaka. Aibu ilikuwa palepale, haikupungua hata punje, imemkalia mabegani kama mzigo wa kuni. Juu ya aibu hiyo alikuwa anayasikia maji ya uvuguvugu kwenye mikono yake, na hakuona kitu kingine cha kumpa Mungu ila koo alilokuwa nalo. Akaimba. Sauti ilipasuka, ikapotea, ikarudi imekosea mahali. Makamasi yalimtoka akayafuta kwa upindo wa khanga, akaendelea. Mvua ilipiga bati, na yeye alikuwa anamwimbia Mmoja tu, na Huyo hahitaji utulivu kusikia.

Mbele watu walikwisha kula, wakarudi kukaa. Kinanda kikanyamaza, kwaya ikafunga vitabu. Damari alikuwa bado na ubeti mmoja. Hakujua kwamba wenzake wamenyamaza. Mchungaji alifungua mdomo kutoa baraka, akaufunga, akasubiri, na kanisa zima likasubiri, mpaka mwanamke kizee aliyeko sakafuni karibu na mlango alipofika mwisho wa wimbo wake.